Barua zetu zinakataliwa kwa «Sender verify failed», ila si zote na si siku zote

mtunza_barua (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninatunza seva ya barua pepe ya chuo kimoja cha ualimu, yenye akaunti zisizozidi 60. Seva inatumia programu ya barua ya Postfix juu ya Debian, pamoja na Postgrey ili kupunguza barua taka. Tuliihamishia hapa chuoni miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo barua zetu zilikuwa zinahifadhiwa na kampuni iliyotutengenezea tovuti.

Tatizo ni kwamba barua za usajili tunazowatumia waajiri na wafadhili wa wanachuo hukataliwa na baadhi ya seva wanazotumia, na jibu linalorudi ni hili (nimebadilisha majina na namba zote):

550-Verification failed for <usajili@chuo.example>
550-Called:   198.51.100.40
550-Sent:     RCPT TO:<usajili@chuo.example>
550-Response: 550 No such user here
550 Sender verify failed

Kinachonisumbua zaidi ya kukataliwa kwenyewe ni mwenendo wa tatizo. Karani akituma barua ileile baada ya nusu saa, inakataliwa tena, safari hii kwa maneno «Previous (cached) callout verification failure». Akituma jioni, inapita bila maneno. Wiki inayofuata akiwaandikia watu wa ofisi nyingine ambayo hatujawahi kuiandikia, mchezo unaanza upya. Barua tunazotuma kwa watu wa Gmail zinapita siku zote. Isitoshe, barua za mkuu wa chuo na za mhasibu hazijawahi kukataliwa hata mara moja, ingawa zinatoka kwenye seva hiyohiyo, kwa domeni hiyohiyo, na kwa namba ileile ya IP. Zinazokataliwa ni za usajili@ na mitihani@ tu.

Akaunti ya usajili@ ipo, ninaifungua kila siku na barua zinaingia. Rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa domeni yetu) nimeiandika upya mara nne, DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) inafanya kazi, na Gmail inaonyesha kwamba vyote viwili vimepita. Nimeishiwa na mawazo, na mkuu wa chuo ameanza kuuliza kama hatukuwa salama zaidi kule tulikotoka.

fundi_mtandao_arusha

Pole sana mkuu. Kwa uzoefu wangu, kosa la namna hii mara nyingi ni SPF au ni rekodi ya PTR. Hakikisha namba yako ya IP ina PTR inayorudisha jina la seva, na jina hilo nalo lirudishe namba ileile. Kisha mwishoni mwa SPF badilisha -all (wasiotajwa wakataliwe) iwe ~all (watiliwe shaka tu) kwa muda, uangalie kama kuna nafuu. Angalia pia kama rekodi yako ya SPF haizidishi maulizo 10 ya DNS (daftari la majina ya mtandao), kwa maana ukipita kikomo hicho tathmini nzima huhesabiwa kuwa na kosa.

mzee_wa_foleni

Ndugu fundi_mtandao_arusha ametoa ushauri mzuri kwa ugonjwa mwingine. Kwa hapa nitaomba tuweke SPF na PTR pembeni, kwa sababu ujumbe uliobandikwa hauzungumzii chochote kati ya hivyo viwili. SPF huuliza kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa kuitumia domeni hiyo. Ujumbe huu unauliza swali tofauti kabisa: je, barua hii ikishindwa kufika, kuna mahali pa kuirudisha?

Utaratibu wenyewe ni huu. Seva ya mpokeaji, ambayo kwa maneno ya ujumbe huo ni Exim (programu nyingine ya seva za barua), inapopokea MAIL FROM, yaani amri ya kumtaja mtumaji, yenye anwani ya usajili@chuo.example, inamwacha mgeni mlangoni kwanza na kwenda kupiga hodi kwenye seva inayopokea barua za chuo.example. Inaitafuta seva hiyo kwa rekodi za MX, zinazotaja seva zinazopokea barua za domeni, inajitambulisha, inatoa MAIL FROM:<> yenye mtumaji mtupu, kisha inamtaja mpokeaji kwa RCPT TO:<usajili@chuo.example>, na ikishasikia jibu inaaga kwa QUIT. Hakuna barua yoyote inayotumwa. Jibu likianza na 2, hodi imeitikiwa na barua yako inaruhusiwa kuendelea. Likianza na 5, barua yako inakataliwa palepale.

SMTP, yaani lugha ya seva za barua, tangu zamani ina amri ya VRFY kwa kazi ya kuuliza kama anwani ipo, lakini wenye seva wengi waliifunga kwa sababu walaghai waliitumia kuvuna anwani. Ndiyo maana watu walihamia kwenye njia hii ya kuzunguka.

Sasa turudi kwenye ujumbe wako. Mstari wa Called unataja namba ya seva iliyopigiwa hodi, yaani seva inayodai kupokea barua za chuo chenu. Si seva ya mpokeaji. Mstari wa Response ni maneno ya seva hiyohiyo, na wao wanayanukuu tu. Kwa hiyo aliyesema «No such user here» ni mtu anayezungumza kwa jina lenu. Swali langu ni moja: umesema umebadilisha namba, sawa, lakini ile namba halisi iliyokuwa kwenye mstari wa Called ni ya nani? Ni namba ya seva yenu ya sasa?

Naomba pia utupe matokeo ya amri hii:

dig +short MX chuo.example

mtunza_barua

Ndugu mzee_wa_foleni, nimekaa kimya kwa dakika kadhaa baada ya kusoma jibu lako. Muda wote huu nilidhani namba ile ni ya seva yao. Siyo. Ni namba ya seva ya ile kampuni ya zamani. Na dig inatoa hivi:

10 barua.chuo.example.
20 mx2.kampuni-ya-zamani.example.

Mstari wa pili niliuacha kwa makusudi wakati wa kuhama, nikiamini kwamba ni akiba endapo umeme wa chuo utakatika. Sikuwahi kuuona ukitumika kwa sababu seva yetu haizimiki. Lakini kama seva yetu ndiyo yenye namba 10, na kwa ninavyofahamu namba ndogo ndiyo hutangulizwa, kwa nini waende kupiga hodi kwa yule wa pili ilhali wa kwanza yupo macho?

mzee_wa_foleni

Kwa sababu wa kwanza yupo macho lakini amewaambia «rudi baadaye».

Hapa ndipo Postgrey inapoingia. Kazi yake ni kumwahirisha kila mgeni wa mara ya kwanza. Inaangalia mambo matatu kwa pamoja, yaani mtandao anakotoka, anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji, na kama haijawahi kuuona mseto huo inajibu 450 na kumtaka arudi baada ya sekunde 300, kama hukubadilisha kiwango cha kawaida. Seva halali ya barua itasubiri na kurudi, ilhali programu nyingi za barua taka hazirudi. Ni mbinu nzuri kwa barua. Kwa hodi ni balaa, kwa kuwa Exim inapopiga hodi haikubali kukaa barazani kusubiri dakika tano. Kanuni yake imeandikwa wazi: jibu la 2 ni kufaulu, jibu la 5 ni kushindwa, na jibu lingine lolote linaifanya ijaribu seva inayofuata kwenye orodha ya MX. Kwako inayofuata ni ile ya kampuni ya zamani, ambayo bado inajiona ndiyo mwenye domeni yenu na bado inashika orodha ya akaunti za miezi minane iliyopita. Ikiulizwa usajili@, inajibu kwa uaminifu kabisa kwamba haimjui.

Ukikubali maelezo hayo, kila ulichotuandikia kinapata mahali pake. Nadhani usajili@ na mitihani@ ulizifungua baada ya kuhama, na mkuu wa chuo na mhasibu walikuwa na akaunti kule. Nisahihishe kama nimekosea. Hodi ya barua za mkuu ikienda kwa seva ya zamani inaitikiwa, na kwa hiyo yeye hajui kama kuna tatizo.

Suala la muda nalo linajieleza. Exim huweka majibu ya hodi kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya muda. Jibu baya la anwani hukaa humo saa 2 na jibu zuri hukaa saa 24, isipokuwa msimamizi awe amebadilisha viwango hivyo. Karani alipotuma tena baada ya nusu saa, seva yao haikupiga hodi upya, ilisoma kashe tu, na ndiyo maana ya yale maneno ya «Previous (cached)». Jioni kashe ilikuwa imekwisha muda, wakapiga hodi tena, na kwa kuwa dakika tano za Postgrey zilishapita zamani, seva yenu ikaitikia 250. Ofisi mpya ina mtandao mpya, Postgrey haiijui, na safari inaanza mwanzo. Gmail nao hawapigi hodi ya aina hii, kwa hiyo kwao huwezi kuliona tatizo hata ukijaribu mara mia.

Usiniamini hivihivi. Thibitisha kwa mkono ukiwa kwenye seva iliyo nje ya chuo, ambayo Postgrey yako haijawahi kuiona. Kumbuka kwamba watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani hufunga mlango wa 25 (port ambayo seva za barua hupokelea barua), kwa hiyo ukijaribu kwa modemu ya nyumbani unaweza kupata ukimya ukadhani ni hitilafu nyingine. Fungua telnet kwenda barua.chuo.example mlango wa 25, uandike:

HELO jaribio.example
MAIL FROM:<>
RCPT TO:<usajili@chuo.example>
QUIT

Kisha fanya vivyo hivyo kwa mx2. Natarajia wa kwanza akujibu 450 na wa pili akujibu 550.

bi_posta

Samahani kwa kuingilia mazungumzo, lakini kuna jambo zito kuliko hizo barua zinazokataliwa, na sijaona mtu akiligusa.

Hodi za Exim si peke yake zinazokwenda kwa yule wa pili. Seva ya mtu anayewaandikia ninyi kwa mara ya kwanza nayo hupewa 450 na Postgrey, na seva nyingi zikipewa jibu hilo hujaribu MX inayofuata kabla ya kuiweka barua kwenye foleni. Mzazi aliyeiandikia usajili@ atarudishiwa barua kwamba anwani haipo. Aliyemwandikia mkuu wa chuo hatarudishiwa chochote, kwa sababu seva ya zamani itaipokea barua na kuiweka kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua tena. Ndugu mtunza_barua, kama bado unazo nywila za kule, naomba uingie leo hii kabla hujagusa kitu kingine, uangalie masanduku ya zamani.

Jambo la pili ni dogo. Kama rekodi yenu ya SPF imeandikwa kwa neno mx, basi kwa kuiacha ile MX ya pili mmeiruhusu pia seva ya kampuni ile kutuma barua kwa jina la chuo. Sisemi kwamba wanafanya hivyo, ila ruhusa hiyo haina sababu ya kuwepo.

mtunza_barua

Nimefanya yote mawili na ninaandika nikiwa na aibu kidogo.

Kwanza, jaribio la telnet limetoa 450 kwa seva yetu na 550 kwa ile ya zamani, kama mzee_wa_foleni alivyotabiri. Nilipoweka anwani ya mkuu wa chuo badala ya usajili@, seva ya zamani ikajibu 250. Na ni kweli, usajili@ na mitihani@ nilizifungua baada ya kuhama.

Pili, nywila za kule bado zinafanya kazi. Sanduku la zamani la mkuu wa chuo lina barua 143 ambazo hazijasomwa, ya karibuni zaidi ikiwa ya juzi. Nyingi ni barua taka, kwa sababu walaghai nao wameijua njia hiyo isiyo na Postgrey, lakini miongoni mwao kuna mialiko ya mikutano miwili iliyokwishapita na barua ya mzazi aliyeandika mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Zote nimezihamishia kwenye seva yetu. Namshukuru sana bi_posta; bila yeye ningefuta rekodi ya MX na kufunga mjadala, na barua hizo zingebaki huko.

Sasa naomba ushauri wa utaratibu wa kurekebisha. Je, niondoe MX ya pili tu, au niondoe na Postgrey? Na je, nisiwaombe tu wenye seva hizo waache kukagua watumaji kwa namna hii? Kwa maoni yangu wao ndio wanaofanya jambo lisilo la kawaida.

mzee_wa_foleni

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye mabishano mengi miongoni mwa mafundi. Upo sahihi kwamba kupiga hodi kwa kila mtumaji ni tabia isiyopendwa. Mlaghai akighushi anwani yako kwenye barua laki moja, seva zote zenye utaratibu huo zitakuja kupiga hodi kwako kwa barua ambazo hukuzituma, na zipo orodha nyeusi zinazowaweka ndani wanaofanya hivyo. Nyaraka za Postfix zenyewe zinaonya dhidi ya kumkagua kila mtumaji kwa njia hii. Mimi kwenye seva zangu za Exim ninatumia verify = sender bila callout (ndiyo hodi yenyewe), ambayo huangalia tu kama domeni ya mtumaji ina mahali pa kupelekewa barua, na hiyo inanitosha. Hata hivyo, nyumba ni yao na masharti ya mlango ni yao. Zaidi ya hayo, safari hii hodi yao imekufichulia barua 143, kwa hiyo nisingekuwa na haraka ya kuwalalamikia.

Kuhusu MX ya pili, iondoe. MX ya akiba ina maana pale tu inapojua orodha ileile ya akaunti, ina ulinzi uleule dhidi ya barua taka, na inajua kuikabidhi barua kwa seva kuu. Yenu haina hata kimoja. Hofu ya umeme kukatika isikusumbue: seva za watu huweka barua kwenye foleni na kuendelea kujaribu kwa siku kadhaa. Angalia TTL ya rekodi hiyo (sekunde ambazo wengine huikumbuka) kabla ya kuifuta. Kama ni 86400, kuna wengine watakaoendelea kuikumbuka kwa siku nzima baada ya kufuta, na katika siku hiyo usimwambie mkuu wa chuo kwamba mambo yamekwisha. Kisha waombe kampuni ile waiondoe domeni yenu kwenye seva yao kabisa. Wasipoiondoa, mteja wao mwingine yeyote aliye kwenye seva ileile akiwaandikia, barua yake itaishia humohumo ndani bila kuuliza MX.

Postgrey unaweza kuiacha, ila mruhusu mtumaji mtupu apite bila kuahirishwa. MX ya pili ikishaondoka, hodi iliyoahirishwa haitazaa tena 550. Seva ya mwenzako itapata 450 na yenyewe itaiahirisha barua yako, ambayo itakaa kwenye foleni na kupita baadaye. Ni bora kuliko kukataliwa, lakini bado ni ucheleweshaji usio na faida. Kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, mpangilio uwe hivi:

smtpd_recipient_restrictions =
  permit_mynetworks,
  permit_sasl_authenticated,
  reject_unauth_destination,
  reject_unlisted_recipient,
  check_sender_access hash:/etc/postfix/mtumaji_mtupu,
  check_policy_service inet:127.0.0.1:10023

Ndani ya faili la mtumaji_mtupu weka mstari mmoja tu wenye <> na neno OK, uendeshe postmap juu ya faili hilo, kisha uipakie upya Postfix. Mpangilio huo usiuchezee. Neno OK linaruka ukaguzi wote unaofuata katika orodha hiyo, kwa hiyo likitangulia mbele ya reject_unauth_destination unaweza kujikuta umeufungulia ulimwengu mlango wa kupitishia barua.

fundi_mtandao_arusha

Nimejifunza, na ninaufuta ushauri wangu wa ~all kwa mikono miwili. Swali dogo: kwa nini usimzuie tu mtumaji mtupu moja kwa moja? Nimewahi kuona seva zikifanya hivyo kwa madai kwamba ni barua taka tupu.

bi_posta

Hapana ndugu yangu, hilo usilifanye. Mtumaji mtupu ndiye anayebeba taarifa za barua zilizoshindwa kufika, na RFC 5321, waraka wa kanuni za SMTP, inataka taarifa hizo zitumwe kwa namna hiyo ili seva mbili zisirudishiane lawama milele. Ukimkataa, watumishi wako hawatajua kamwe kwamba barua zao zimepotea. Halafu kwa wale wenye Exim utapata kosa kubwa zaidi ya la ndugu mtunza_barua, lenye maneno «Callback setup failed», na hapo Exim haiwekei kashe anwani moja bali domeni nzima kwa saa 3. Hata barua za mkuu wa chuo zisingepita.

Niongeze kwamba ruhusa ya mtumaji mtupu haitawasaidia wanaokaguliwa na Postfix yenye reject_unverified_sender, yaani hodi ya Postfix. Hiyo haitumii <> bali anwani ya double-bounce kwenye domeni yake yenyewe. Afadhali yenyewe kwa kawaida hujibu 450, kwa hiyo barua inabaki kwenye foleni ya mtumaji.

mtunza_barua

Natoa mrejesho baada ya siku nne.

MX ya pili niliifuta Jumatatu. TTL ilikuwa 86400, na kweli Jumanne asubuhi barua moja ya mitihani@ ilikataliwa tena kwa maneno yaleyale ya mwanzo. Kuanzia Jumatano hakuna iliyokataliwa. Jana karani alituma barua kwa ofisi sita ambazo hatujawahi kuziandikia, na kwenye kumbukumbu za seva nimeona hodi mbili zikija na mtumaji mtupu na kuitikiwa 250 bila kuahirishwa. SPF nimeondoa neno mx na kuandika namba yetu ya IP moja kwa moja.

Kampuni ya zamani bado haijaiondoa domeni yetu. Nimewaandikia mara mbili kwa anwani yao ya msaada, na wakati huu nimetumia akaunti ya Gmail, kwa kuwa jibu lao kwa anwani ya chuo lingebaki palepale kwao.

mzee_wa_foleni

Wapigie simu.